Methali, ngano au mila: mtumishi wa Injili aanzie wapi kuwajua watu?

Mtu anapotumwa kuhudumu kati ya watu asiowajua, huambiwa mambo mawili: jifunze lugha yao, jifunze utamaduni wao. La kwanza lina vitabu, walimu na mazoezi. La pili huachwa likining'inia, mpaka aje mwenye busara mmoja amwambie, "Anza na fasihi simulizi, humo ndimo watu walimojiweka." Ushauri mzuri, ila bado ni mpana. Fasihi simulizi ni bahari, na mtumishi ana ibada za kuongoza, wagonjwa wa kutembelea na vikao visivyokwisha. Achote wapi kwanza?

Hapa nalinganisha njia tatu: methali, ngano (pamoja na visasili vya asili ya vitu), na mila zinazotendwa, yaani zile za kuzaliwa, kubalehe, kuoa, kupatana na kufa. Nazipima kwa maswali manne. Zinataka muda gani? Zinataka lugha kiasi gani? Zinakwambia nini? Na zinakudanganya vipi? Swali la mwisho ndilo ninalolipa uzito zaidi, maana hakuna hata moja isiyodanganya.

Msimamo wangu niuseme mapema ili msomaji ajue anasoma maneno ya nani. Wengi huanza na methali. Mimi naona methali ndizo zije mwisho.

Methali: rahisi kuokota, ngumu kutumia

Methali huvutia kwa ufupi wake. Unaweza kuandika kumi kwenye daftari kwa siku moja, hata kabla hujaweza kusimulia umetoka wapi na unakwenda wapi. Wamisionari waligundua hilo zamani. William Taylor, aliyehudumu Mombasa chini ya CMS, shirika la kimisionari la Kianglikana, alichapisha mkusanyo mkubwa wa methali za Waswahili mwaka 1891. Karne tatu kabla yake, huko Mexico, mtawa Mfransisko Bernardino de Sahagún alikuwa ameketi na wazee wa Kinahua, wenyeji wa nchi ile, na wanafunzi wao, akiandika kwa lugha yao wenyewe kazi ya vitabu 12. Kitabu cha sita kimejaa hotuba za wazee, misemo na vitendawili.

Methali zina faida moja ambayo sitaibeza: zinakuonyesha watu hukimbilia wapi wanapobishana. Ugomvi unapopamba moto na mmoja akatoa methali, wengine wakanyamaza, umejifunza kitu kuhusu mamlaka. Yesu mwenyewe aliijua nguvu hiyo. Pale Nazareti alisema kabla wao hawajasema: hapana shaka mtaniambia mithali hii, "Mganga, jiponye nafsi yako." Aliichukua silaha yao mikononi mwao kabla haijarushwa.

Sasa ubaya wake. Kwanza, methali hupingana, na hupingana kwa makusudi. Kiswahili kinakwambia haraka haraka haina baraka, halafu bila aibu kinakwambia ngoja ngoja huumiza matumbo. Mtafiti mwenye pupa akipata ile ya kwanza ataandika kwamba watu hawa huthamini utulivu. Akipata ya pili ataandika kinyume. Zote mbili ni kweli, kila moja na saa yake. Hata kitabu cha Mithali, sura ya 26, kinasema usimjibu mpumbavu kwa upumbavu wake, na mstari unaofuata kinasema mjibu. Aliyezipanga hakuwa amesinzia.

Pili, methali ina mwenyewe. Hili nililijifunza kwa aibu. Nikiwa mgeni katika nyumba moja, nikitaka kuonyesha kwamba nimesoma, nilipokaribishwa nilisimama nikasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Kitabu kilikuwa kimenieleza maana yake vizuri kabisa. Watu wakacheka, si kwa ubaya, na bibi mmoja akaniambia, "Hiyo tunaisema sisi, mwanangu." Nilikuwa nimejipigia zumari mwenyewe: mimi ndiye neema iliyofika, mshukuruni Mungu kwa ajili yangu. Maneno yalikuwa sahihi. Kinywa ndicho kilichokosea. Hakuna mkusanyo wa methali, hata mzuri kiasi gani, uliokuwa umeniandikia safu ya "nani anaruhusiwa kuisema, mbele ya nani".

Tatu, na hili ni la wahubiri hasa: methali si imani ya watu, ni hoja. Mtu anaweza kuitumia leo na kesho akaikataa ikitumiwa dhidi yake. Ukipanda mimbarani na methali ukidhani umeshika moyo wa kabila zima, umeshika ukingo wa nguo tu. Tena zipo methali za kupingwa. Huko Babeli watu wa Israeli walikuwa na msemo wao: akina baba wamekula zabibu kali, na meno ya watoto yametiwa ganzi. Ulikuwa msemo mtamu, wenye picha, na uliwapa watu ruhusa ya kuwalaumu waliotangulia. Ezekieli, sura ya 18, hakuupamba wala hakuuhubiri. Aliambiwa na Bwana kwamba msemo ule usitumike tena katika Israeli. Na alitumia sura nzima kuuvunja, jambo linaloonyesha jinsi ulivyokuwa umekita mizizi. Paulo naye, akimwandikia Tito, alinukuu mstari wa mshairi wa Krete kuhusu uongo wa Wakrete. Naomba asije mtu akafanya hivyo wiki yake ya kwanza kisiwani.

Ngano: polepole, lakini inakuonyesha watu wanavyosikia

Ngano inataka lugha. Bila lugha utaona midomo ikichezacheza na watoto wakicheka, basi. Ninavyoona mimi, chini ya mwaka mmoja wa kujifunza lugha utafuata njia tu bila kuona yaliyo pembeni. Inataka pia usiku, au saa yoyote ambayo watu wametulia, na inataka hadhira. Mtambaji aliyeketi peke yake mbele ya kinasa sauti hukupa mifupa. "Paukwa!" bila "Pakawa!" ni mlango usiofunguliwa.

Lakini sikiliza faida yake. Ngano hukuonyesha watu wanamcheka nani, wanamwonea nani huruma, na wanapumua lini. Hayo hayaandikwi. Ukisikia kundi zima likishangilia mjanja aliyemwibia mkubwa wake, umepata jambo ambalo wasingekujibu hata ukiuliza miaka mitatu.

Na kutoijua ngano kuna hatari. Matendo ya Mitume 14 ni kisa ambacho kila anayekwenda ugenini angekisoma mara mbili. Paulo na Barnaba wako Listra. Paulo anamponya mtu aliyekuwa kiwete tangu kuzaliwa. Umati unapaza sauti kwa Kilikaonia, "Miungu wametushukia kwa mfano wa wanadamu". Barnaba wanamwita Zeu, Paulo wanamwita Herme kwa kuwa ndiye msemaji. Kuhani analeta ng'ombe na mashada ya maua mpaka malangoni. Mitume wanachelewa kuelewa. Wanapong'amua wanararua mavazi yao na kukimbilia katikati ya watu wakipiga kelele.

Kwa nini Zeu na Herme hasa, na kwa nini haraka ile? Mshairi wa Kirumi Ovid, aliyekufa miaka michache tu kabla ya huduma ya Yesu, aliandika simulizi aliyoiweka Frigia, jirani wa Likaonia, nchi ulimokuwa mji wa Listra. Miungu wawili hao hao, kwa majina yao ya Kirumi, walizunguka wakiwa wamejigeuza watu. Nyumba elfu ziliwafungia mlango. Wazee wawili maskini, Filemoni na Baukisi, waliwafungulia, wakawapa walichokuwa nacho, wakataka hata kumchinja bata bukini wao wa pekee. Miungu wakawapandisha wazee hao mlimani, na nchi yote iliyobaki ikazama majini. Wasomi wengi wa Agano Jipya huiweka simulizi hiyo kando ya Matendo 14, nami naona wana haki. Kama watu wa Listra walikua na hadithi ya namna ile, kelele zao hazikuwa za ujinga. Walikuwa wakisema: safari hii hatutafunga mlango. Mitume walipata hotuba ya kutoa pale pale, na ni hotuba nzuri, lakini hawakujua wanaijibu hadithi gani.

Hapo ndipo ngano inapoishinda methali. Methali ingewapa mitume maneno ya kuanzia hotuba. Ngano ingewaambia wao ni akina nani machoni pa watu kabla hawajafungua kinywa.

Sasa udanganyifu wake. Ngano husafiri. Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu Zanzibar chini ya UMCA, shirika jingine la kimisionari la Kianglikana, alichapisha mwaka 1870 hadithi alizosimuliwa na Waswahili. Ndani yake imo ya kima na papa. Kima anakaa juu ya mkuyu uliomea kwenye kilindi, anamtupia papa matunda, urafiki unakolea, papa anamchukua mgongoni kumpeleka kwao. Katikati ya bahari papa anakiri: sultani wetu mgonjwa, dawa yake ni moyo wa kima. Kima hashtuki. Ungeniambia mapema, anasema. Sisi tukisafiri mioyo yetu tunaiacha mtini. Papa anageuka, kima anaruka mtini, na urafiki umeisha.

Mgeni mwenye kalamu angeweza kutoa hapo sura nzima kuhusu mtazamo wa Waswahili juu ya moyo na urafiki. Shida ni kwamba hadithi hiyo imo katika Panchatantra, mkusanyo wa kale wa hadithi za Kihindi, imo katika hadithi za kuzaliwa kwa Buddha, imo katika Kalila na Dimna ya Kiarabu, na ndugu yake anasimuliwa hadi Korea. Wataalamu wa ngano wameipa namba katika orodha yao ya kimataifa, ile iliyoanzishwa na Antti Aarne mwaka 1910 na kuendelezwa na Stith Thompson: ni namba 91. Kwa hiyo kiini cha hadithi hakikwambii kitu kuhusu watu wa mahali pamoja. Kinachosema ni kilichobadilika. Katika Panchatantra anayeutamani moyo ni mke wa mnyama wa majini. Katika simulizi ya Steere ni sultani mgonjwa. Msaliti mmoja anasaliti kwa ajili ya nyumba yake, mwingine kwa ajili ya mtawala wake. Hapo sasa unaweza kuuliza swali zuri, na uwaulize wasimulizi wenyewe, si kitabu.

Ngano hufanya kazi pande mbili pia: unaisikia, na unaisimulia. Don Richardson, Mkanada, alifika na familia yake mwaka 1962 kwa Wasawi wa New Guinea, upande uliokuwa bado chini ya Waholanzi. Alipopata lugha ya kutosha akawasimulia habari za Yesu. Walisikiliza kwa uvivu mpaka alipofika kwa Yuda. Hapo wakaamka. Rafiki wa miaka mitatu, anakula naye, kisha anamsaliti kwa busu! Kwao kumlea mtu kwa urafiki mpaka siku ya kumwua kulikuwa ustadi wa hali ya juu, na Yuda akawa shujaa wa hadithi. Hakuna methali ambayo ingemfunulia Richardson jambo hilo. Ilikuwa miguno ya wasikilizaji, mahali ambapo yeye hakutarajia kusikia mguno. Tutarudi kwake.

Nyimbo na vitendawili, kwa kupita

Vitendawili ni vizuri kwa masikio na kwa kupata urafiki wa watoto. Imani utaipata kidogo. Nyimbo ni kinyume: hazina yake ni kubwa kuliko zote, kwa kuwa mtu huimba asichoweza kusema, hasa mwanamke mwenye uchungu wa ndoa au wa msiba. Lakini lugha ya nyimbo ndiyo ngumu kuliko zote, imejaa mafumbo na majina ya watu waliokwisha kufa. Ziweke mwaka wa tatu.

Mila: hazihitaji maneno mengi, zinahitaji subira

Katika kupatana na maadui, kuzika, kuoza au kumtoa mtoto nje, watu hufanya wanachoamini hata pale ambapo midomo yao ingesema kingine. Mtu aliyeungama imani kanisani miaka ishirini anaweza kuonekana, siku mwanawe anapokufa, akifanya jambo ambalo hakuna aliyemfundisha katika katekesi. Paul Hiebert, Mkristo wa dhehebu la Wamenoni aliyehudumu India na baadaye akawa mwalimu wa wamisionari, aliliandika hilo mwaka 1982. Mmagharibi, alisema, huona ulimwengu wa Mungu huko juu na ulimwengu wa sayansi huku chini, na katikati haoni kitu. Watu wengi wanaishi hapo katikati, penye mizimu, laana, husuda na bahati. Huko katikati hutakuona kwa methali. Utakuona kwenye msiba.

Faida ya mila ni kwamba unaweza kuanza siku ya kwanza. Msibani hakuna anayemwuliza mgeni kwa nini amekuja. Unakaa ulipoonyeshwa, unanyamaza, unaangalia nani anaketi wapi, nani hashiki jembe, nani anaitwa kabla jambo fulani halijaanza. Kalamu iache nyumbani.

Mmisionari Mswisi Henri-Alexandre Junod alikuwa akihudumu kati ya Watsonga kusini mwa Afrika, na burudani yake kubwa ilikuwa kukusanya vipepeo. Mwaka 1895 alitembelewa na James Bryce, mwanasiasa na mwanahistoria wa Uingereza, aliyemwambia: tungewashukuru kiasi gani Warumi kama mmoja wao angetuandikia kwa ukamilifu maisha ya babu zetu? Junod hakuwaacha vipepeo kabisa, lakini kazi yake kuu juu ya maisha na mila za Watsonga bado inasomwa. Jicho lililozoea kuangalia bawa la kipepeo lilimfaa.

Na ni mila iliyomwokoa Richardson. Vijiji vilivyokuwa vikipigana, alipotishia kuondoka, vilifanya amani mbele ya macho yake kwa njia yao wenyewe: baba mmoja alimtoa mwanawe mchanga, akamkabidhi kwa adui. Maadamu mtoto huyo yu hai, amani ipo. Kumsaliti mtoto wa amani ndilo lilikuwa kosa ambalo hata Wasawi hawakulipigia makofi. Sasa akawasimulia tena: Mungu naye alitoa mwana wa amani, na Yuda alimsaliti mwana huyo. Yuda alikoma kuwa shujaa.

Angalia mpangilio wake. Hadithi ilionyesha ugonjwa, tendo likatoa dawa. Ndiyo sababu siwezi kushauri moja peke yake. Onyo moja, lakini: tangu kisa hicho kijulikane, wapo wanaoingia kwa watu wakiwinda "ufunguo", mila moja tu itakayofungua kila mlango. Wanauliza maswali ya kupeleka jibu wanakotaka. Wenyeji, kwa adabu, huwapa.

Udanganyifu wa mila umo kwenye swali hili: hiki ni ibada, au ni heshima tu? Matteo Ricci, Mjesuti aliyeingia China mwaka 1583, aliona kwamba heshima kwa Konfusio, mwalimu wa hekima wa kale wa Wachina, na kwa wazazi waliokufa ilikuwa adabu ya kijamii, si kuabudu. Wadominiko na Wafransisko waliofuata wakasema hapana, hii ni ibada. Mwaka 1700 mfalme Kangxi mwenyewe aliunga mkono maelezo ya Majesuti. Papa Klementi wa Kumi na Moja akapiga marufuku mwaka 1715, Benedikto wa Kumi na Nne akafunga mjadala mwaka 1742, na Pio wa Kumi na Mbili akaulegeza mwaka 1939. Karibu karne mbili na nusu za kutoelewana juu ya kuinama mbele ya kibao chenye jina la babu!

Ukitazama kwa karibu, sehemu ya ugomvi ule ilitokana na waliokuwa wakiulizwa. Majesuti walizoeana na wasomi na maofisa. Wadominiko na Wafransisko walikuwa zaidi mikoani, kati ya watu wa kawaida. Msomi akiinama pengine alikuwa na jambo moja kichwani, na mkulima akiinama alikuwa na lingine, na migongo yote miwili iliinama sawasawa. Ukiuliza mtu mmoja maana ya tendo, umepata maana ya mtu mmoja. Ukiuliza wanaume tu, au wazee tu, nusu ya jambo imekupita.

Lipo na suala la siri. Mila nyingine, hasa za kubalehe, si za kila jicho. Ukiruhusiwa kuziona au ukasimuliwa, hujapewa ruhusa ya kuzichapa, kuzipiga picha wala kuzitolea mfano mimbarani. Hapa methali na ngano ni nyepesi zaidi. Mara nyingi zilitungwa ili zisikike.

Uchague kwa kazi yako

Kama kazi yako ni kuhubiri, chagua ngano, hata kama inachelewa. Nathani hakumwendea Daudi na methali wala na sheria. Alimwendea na kisa cha tajiri, maskini na mwana-kondoo mmoja, Daudi akajihukumu kwa mdomo wake. Yothamu alipotaka kuwaonya watu wa Shekemu juu ya mfalme waliyejichagulia, aliwasimulia miti iliyotafuta wa kuitawala ikaishia kwa mti wa miiba. Watu wasioweza kusikia lawama wanaweza kusikia hadithi.

Kama unatafsiri Maandiko, ngano tena, na kwa sababu tofauti kabisa. Ndani ya ngano iliyosimuliwa kwa asili utaona jinsi lugha inavyomwingiza mhusika mpya, jinsi inavyonukuu maneno, inavyoonyesha kwamba tukio limefika kilele. Injili ya Marko iliyotafsiriwa bila kusikia mtambaji hata mmoja husomeka kama ripoti ya mkutano. Methali kusanya pia, ila kwa ajili ya msamiati.

Kama kazi yako ni uchungaji wa siku kwa siku, yaani ndoa, ugonjwa, vifo na ugomvi wa familia, anza na mila, na msiba uwe wa kwanza. Utahitaji hilo kabla ya hotuba yoyote.

Kama unafundisha watumishi wenyeji, usikusanye chochote wewe. Wao wanajua. Hiebert alipendekeza, miaka ya 1980, hatua ambazo naona bado zina akili: kwanza mila ichunguzwe bila kuhukumiwa, kisha Maandiko yasomwe juu ya suala lile lile, kisha watu wenyewe, si mmisionari, waamue kipi kibaki, kipi kiachwe, kipi kigeuzwe. Ugumu wote uko kwenye hatua ya kwanza. Sahagún, pamoja na ukuu wa kazi yake, aliandika kwamba mhubiri ni tabibu wa roho na tabibu lazima ajue ugonjwa. Anayeingia nyumbani kwa watu akiwa ameshajiita tabibu huona wagonjwa tu. Papa Gregori, mwaka 601, akimwandikia Melito aliyekuwa njiani kwenda Uingereza, alikuwa na mkono mlaini zaidi: sanamu zivunjwe, nyumba zibaki, karamu zigeuzwe. Nampendelea Gregori, ingawa nakubali kwamba alikuwa Roma na si yeye aliyepaswa kueleza tofauti hiyo kwa mtu mwenye ng'ombe wa dhabihu mkononi.

Kusoma mikusanyo au kusikiliza mwenyewe?

Vyote, lakini kwa zamu. Soma mikusanyo ya zamani kabla hujaenda, ujue kilichowahi kusemwa na usije ukadhani umegundua kima na papa. Kisha ukifika, vifunge. Mkusanyo wa 1870 au wa 1891 ni sauti za watu wa wakati ule mbele ya mtu aliyekuwa akiandika, na watu mbele ya mtu anayeandika huchagua maneno. Ukivifungua tena baada ya miaka miwili utaviona vingine kabisa.

Anayebaki na miezi sita tu, na hana namna ya kuongeza, nitamwambia hivi: misiba yote nenda, sema kidogo. Jioni omba watoto wakusimulie hadithi, kwa kuwa watoto hawaoni haya kurudia mara tano na watakusahihisha ukikosea. Methali usizitafute. Zikisemwa mbele yako, andika.

Lile daftari langu la kwanza la methali ninalo mpaka leo. Nilichora mistari upya: kushoto methali, katikati aliyeisema, kulia alikuwa akimwambia nani na kwa nini. Kwa "Mgeni njoo, mwenyeji apone" safu ya katikati ina neno moja, "bibi". Methali nyingi nilizonakili kitabuni bado zina safu mbili tupu.